Jina Lingine la Nyanda

Viatu vya yule binti havikuwa na vumbi. Nililiona hilo kabla hajamaliza kunisalimia. Alisema amekuja na bodaboda kutoka stendi ya Inyonga, na mwezi wa saba huu hata kuku wetu wamekuwa wekundu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Nikamsogezea kigoda, nikaendelea kuchambua majani yangu ya tumbaku.

Aliitwa Faudhia, mtafiti wa chuo kikuu. Alitaka kuongea na mjukuu wangu Nyanda: vijana wanavutwaje kwenye vikundi vya kigaidi, na wakitoka gerezani wanapokelewaje nyumbani. Nyanda aliambiwa kuna kazi ya duka Msumbiji, akajikuta msituni anawabebea wapiganaji mizigo. Akakamatwa, akafungwa. Sasa yuko kwangu tena, analala na viatu miguuni. Mtu akimtisha kidogo ataondoka, na safari hii sitampata.

"Gari umeliacha wapi?" nikamuuliza binti.

Akainama. "Kwa mtendaji, Bibi. Niliogopa majirani watasema polisi wamekuja."

"Kwa hiyo umeanza kwa kutudanganya."

"Bibi nawe!" Nyanda alitoka ndani anacheka. "Mwache mgeni apumue. Hata hakimu hakunibana hivyo."

Akaketi. Faudhia akatoa kinasa sauti, akaeleza taratibu: swali lolote unaweza kulikataa, unaweza kuacha katikati. Sauti yake laini, kama chai yenye maziwa mengi. Na yule aliyemchukua Nyanda kwenda Msumbiji alikuwa na sauti laini. Alikaa uani hapa hapa, akanisaidia kupukuchua mahindi.

"Kabla hatujaanza," binti akasema, "kwa usalama wako jina lako halitatumika. Chagua lingine, nitakuita hilo mpaka mwisho."

Nyanda akaacha kucheka. Mikono ikaenda kwenye kamba za viatu, akawa anazikaza.

"Na wao walianza hivyo hivyo," akasema. "Siku ya kwanza, hata chakula bado. Wakanipa jina. Ukiitikia la nyumbani, unapigwa."

"Samahani, kaka. Sikujua. Basi nitakuandika namba tu."

"Gerezani nilikuwa namba."

Nikaweka majani chini. "Binti, Nyanda ni jina la marehemu mume wangu. Huyu namwita mume wangu tangu nambeba mgongoni. Hatachagua lingine."

"Niandike Nyanda," mwenyewe akasema.

Faudhia akatikisa kichwa. "Siwezi. Wapo wanaoweza kukutafuta." Akarudisha kinasa sauti kwenye mkoba. Nilingoja abembeleze, maana yule aliyemchukua Nyanda alibembeleza wiki nzima. Huyu aliaga tu. Hata hivyo nilimfuata mpaka kwenye kona, nione kama atapiga simu kuita watu. Hakupiga. Labda alingoja nigeuke.

Niliporudi Nyanda alikuwa kwenye kigoda, anachambua tumbaku yangu, anachanganya majani mazuri na mabovu. Akaanza kusimulia bila kuulizwa: magunia, mto waliouvuka, mwenzao aliyeshindwa kutembea. Sehemu nyingine aliruka. Nilisikia kabisa anaruka. Aliposema bunduki hajawahi kushika, mikono yake ilisimama.

"Kweli?" nikamuuliza.

Akaendelea kuchambua.

"Uliza tena kesho, Bibi."

Kesho, amesema. Nikamsogezea fungu lingine.