Penseli Nyekundu ya Saa Saba

"Leo anasoma nani?" mwanamke aliuliza, karatasi ya tangazo bado ameishikilia nje ya kidirisha.

"Mimi."

Akafikiri kidogo, kisha akairudisha karatasi mkobani. "Basi nitakuja kesho, mzee wangu. Marehemu tunamzika Ijumaa, hatuna haraka."

Saa Saba alikifunga kidirisha kwa nguvu isiyohitajika. Huyo alikuwa wa tatu tangu asubuhi. Siku hizi hata marehemu walikuwa wanasubiri Alhamisi.

Kwa miaka kumi na tisa, matangazo ya vifo, ya mbuzi waliopotea na ya maji kukatwa yalisomwa saa saba mchana na mtu mmoja, na ndiyo maana watu walimwita kwa saa hiyo. Redio yenyewe ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya ghala la mbegu. Lakini saa hiyo ikifika, vinyozi walizima mashine zao ili wasikie nani kafa na nani kapotelewa. Kisha akaja binti mwenye sauti laini, wasikilizaji wakambatiza Asali, na meneja akaigawa wiki: Jumatatu hadi Jumatano mzee, Alhamisi hadi Jumamosi binti.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," meneja alimwambia huku akicheka.

Mwenyeji hakupona. Mwenyeji aliugua kijicho, tena alijua kwamba anaugua. Kila Alhamisi alisimama nyuma ya kioo cha studio akiomba yule binti ajikwae japo kwa jina moja tu. Binti alisoma mbiombio kama anayekimbia mvua, na bado watu walipiga simu kumshukuru. Yeye hakuna aliyempigia, ingawa kila karatasi aliipitia kwanza kwa penseli nyekundu, akichora mstari mdogo kila mahali pa kuvuta pumzi. Siri ya mistari ile hakumfundisha mtu. Tangu Asali aajiriwe, penseli ilikuwa inalala nyumbani kwa Saa Saba, ndani ya mfuko wa shati.

Lililomuuma kuliko yote lilitokea kwa mama yake. Mwezi uliopita alikwenda kumwona, huko kwa mdogo wake alikokuwa akiuguzwa. Ilikuwa Alhamisi. Alimkuta mama na redio sikioni. Alipomsalimia, mama akainua kiganja: nyamaza kwanza. Akamsikiliza Asali hadi tangazo la mwisho, anatabasamu, na mtoto wake mwenyewe amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa.

Mama alifariki alfajiri ya leo. Saa Saba alivaa shati lililopigwa pasi, akaja kazini, hakumwambia mtu. Leo ilikuwa Jumatano, siku yake, na tangazo hili hangelisoma mwingine. Aliona aibu kugundua kwamba ndani ya huzuni yake kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Leo watu wangeisikia tofauti kati yake na Asali.

Saa tano mdogo wake akatokea dirishani, macho mekundu.

"Pole, kaka."

"Pole na wewe. Lete karatasi."

Mdogo wake hakuiachia. "Mama alisema asome yule binti."

"Alikuwa na homa."

"Hakuwa na homa. Alisema mara mbili. Alisema siku hiyo wewe ukae."

"Nikae? Sasa hata mama ananistaafisha?"

"Mimi sijui, kaka. Alisema ukae tu, kama wafiwa wengine."

Saa Saba aliinyakua karatasi, akaingia studio, akafunga mlango. Binti yule amechukua siku tatu, aliwaza, amechukua simu za shukrani, sasa kamchukua na mama. Na nani angejua? Mdogo wake si msemaji, na marehemu hasemi kabisa. Akatoa penseli. Baada ya jina la mama, mstari. Baada ya mahali pa maziko, mstari. Kisha akafika kwenye "ameacha watoto", na la kwanza likawa jina lake, lile la utotoni, ambalo siku hizi lilitumiwa na mama peke yake. Akajaribu kulisoma kwa sauti. Halikutoka. Akakohoa, akanywa maji, akajaribu tena. Penseli ikabaki hewani juu ya jina, haikuchora kitu. Vifo vyote vile alivyovisoma, na hakuwahi kukwama.

Akainua simu, akampigia binti.

Asali alifika zikiwa zimebaki dakika kumi, anahema, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Pole sana, baba. Mbona hukusema?"

"Shika. Usome hivi hivi nilivyochora."

"Mistari hii ni ya nini?"

"Hapo uvute pumzi. Hapo ndipo wafiwa wanapolia. Usiwapite."

Binti aliitazama karatasi. "Kumbe! Nilipokuwa mdogo nilidhani ukinyamaza huwa unafunua ukurasa."

"Ukurasa gani, na karatasi ni moja?" alimkemea, akatoka.

Akaketi karibu na mdogo wake kwenye benchi la waleta matangazo, ambalo hakuwahi kulikalia hata siku moja. Juu yao, redio ndogo ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Asali akaanza. Alisoma polepole, akisimama kwenye kila mstari, na alisoma vizuri. Hilo lilimuuma Saa Saba, hata katika hali ile lilimuuma.

"Ameacha watoto," binti akasema, akalitaja lile jina la utotoni.

Kisha akanyamaza, mahali ambapo penseli haikuchora kitu. Ng'ambo ya barabara mashine za vinyozi zilikuwa zimezimwa. Saa Saba aliinamisha kichwa hadi magotini, na redio ikamsubiri.