Msafara Hausimami Fukayosi

Kikao cha kupanga safari ya Idi ya Kuchinja kilifanyika sebuleni kwa mwenyekiti, Bunju, Jumapili baada ya alasiri. Shufaa, mkewe, alimimina chai kisha akarudi kwenye daftari, maana ukatibu wa klabu ya magari alipewa siku aliyoolewa na hakuna aliyemuuliza kama anautaka. Aliandika: magari kumi na matatu. Nyama choma shambani kwa Maulidi, Lugoba. Kwenda kwa njia ya Bagamoyo na Msata, kurudi kupitia Chalinze, kwa kuwa klabu hairudii barabara. Msafara hausimami njiani.

Hapo akaweka kalamu chini. Njia hiyo hupita mlangoni kwa mama yake, Fukayosi, na huu ulikuwa mwaka wa sita wa kupita tu.

"Baba Yasmini, mwaka huu tusimame kwa mama. Saa moja."

"Tukisimama kwa mkwe wangu, kesho kila mtu atakuwa na mkwe," alisema Mikdad, na wajumbe wakacheka. "Tutampangia siku yake."

Siku yake ilikuwa ikipangwa tangu Yasmini hajaota meno, na sasa Yasmini yuko darasa la kwanza. Shufaa akaandika alivyoambiwa. Alijichukia kidogo, kisha akaongeza ndimu kwenye orodha.

Siku ya Idi mosi gari la mwenyekiti lilitangulia. Ndoo ya nyama ya mbuzi, iliyolala kwenye tangawizi na ndimu, ilikuwa katikati ya miguu ya Shufaa, kwa kuwa Mikdad hakutaka imwagike kwenye buti.

Fukayosi, Bi Kuruthumu, mama yake Shufaa, alikuwa amesimama kando ya lami na kanga zake mpya. Gari lilipomfikia, akaanza kutembea nalo. Pale kijijini mwendo ni hamsini, naye akaenda hamsini. Kijiji kilipoisha Mikdad akashika themanini, mwendo wa klabu, na Bi Kuruthumu akaongeza hatua. Shufaa akateremsha kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo humo?"

"Shikamoo mama," alisema Mikdad, macho barabarani.

"Marahaba baba. Idi njema."

"Goti vipi, mama?" aliuliza Shufaa.

"Linauma nikikaa. Nikitembea halina neno." Ndala zake zilipiga lami taratibu. "Nimekuja nikuone uso. Mwaka jana niliona kiwiko tu. Mkeka nimetandika, mwanangu, teremka."

Redio ya mkononi ikakoroma. Alikuwa Amiri, wa gari la mwisho. "Mwenyekiti, kuna mama anatembea ubavuni kwako."

"Mkwe wangu huyo."

"Sawa. Angevaa kitu cha kung'aa."

Shufaa akavuta kitasa. Mlango ulikuwa umejifunga, kama milango yote ya gari lile inavyojifunga likishika mwendo, na swichi ya kuufungua iko upande wa dereva.

"Baba Yasmini, nakuomba. Dakika tano."

"Nikisimama mimi, kumi na wawili wanasimama nyuma yangu. Ongea naye tu, si mnaonana?"

Wakaongea. Walizungumza mihogo, mabati yanayovuja, na mazishi ambayo Shufaa hakuyahudhuria. Karibu na Msata pumzi za Bi Kuruthumu zilianza kukatika. Alimtilia bintiye mkononi kitumbua kilichofungwa kwenye karatasi, bado cha moto, akasema, "Basi, uso nimeuona," akabaki nyuma. Kwenye kioo cha pembeni Shufaa alimwona ameketi juu ya jiwe, akisugua goti. Magari kumi na mawili yakampita, kila moja likimpigia honi ya heshima.

Shambani nyama ilisifiwa sana. Shufaa alisimama jikoni, akalia, na moshi ukasingiziwa.

Mwaka uliofuata kikao kilikuwa sebuleni pale pale. Amiri alileta hoja ya usalama barabarani, na wajumbe wote wakaiafiki. Shufaa aliandika: Bi Kuruthumu, ubavu wa kushoto, gari la kwanza, Fukayosi hadi Msata. Kizibao cha kung'aa kimoja.

"Unaona, Mama Yasmini?" alisema Mikdad, kwa furaha ya kweli. "Klabu imemfikiria mama. Anavaa saizi gani?"

Shufaa alifikiri. Ilikuwa miaka saba hajamkumbatia mama yake, na hakujua amepungua kiasi gani. Aliandika saizi ya kati, na chini yake: Msafara hausimami njiani.