Aliyemlilia Gorila

Martine alikaa Bukavu siku mbili nzima bila mimi kujua, na aliyeniletea habari ni muuza nyanya. Hebu fikiri. Mimi Pascaline, ambaye nyumba yangu nyuma ya soko la Nyawera haijawahi kukosa mtu wa kuleta maneno, naambiwa na muuza nyanya kwamba dada yangu amevuka mpaka wa mto Ruzizi, analala hotelini Muhumba, na amenunua kofia.

Nasema dada yangu, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake alienda Kamituga kuuza vitenge kwa wachimba dhahabu, akapata bwana huko, akaacha kurudi. Mama yangu, Euphrasie, akamchukua Martine akiwa na miaka sita. Tulilala kitanda kimoja mpaka tukaota matiti. Halafu akapata mtu wa kumpeleka Ubelgiji, sasa ni miaka kumi na tisa.

Mama alikufa mwezi wa tatu. Martine alituma moyo mwekundu kwenye simu. Moyo mmoja.

Sasa, kwetu hapa kila mtu anajua anachofanya aliyekosa kilio. Hapitii hotelini. Hanywi maji. Anashuka barabarani, anaanza kulia palepale, anaingia uani akilia, na wa nyumbani wakisikia sauti yake wanatoka kulia naye. Wakimaliza ndipo anakalishwa kwenye mkeka, anapewa maji, na mtu mmoja anamsimulia ugonjwa tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuruka kitu. Nyumbani kwetu msimulizi ni mimi. Nimewasimulia watu wa parokia, nimewasimulia wenye maduka, nimewasimulia binamu zetu wa Kabare waliofika na mbuzi. Alibaki mtu mmoja tu. Na huyo mmoja mama alimwachia neno, alilisema asubuhi ya mwisho, tukisikia mimi na mdogo wake, tantine Eulalie: "Martine akikuja, musimukaripie."

Neno hilo nililibeba miezi mitano, na kila mwezi lilizidi uzito.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Pascaline wangu, niko hapa. Kesho tunaenda kuona gorila, mimi na weye. Nimeshapanga yote, donc usiseme hapana."

"Uko hapa wapi?"

"Hotelini. Nilitaka nikushitue kidogo."

"Na nyumbani?"

"Nitapita, nitapita. Programu imejaa."

Nyumba nayo ilikuwa imejaa, maana tangu habari ya muuza nyanya wanawake wa kwaya hawakuondoka. Wote walinyamaza kusikiliza simu yangu. Nilipoikata, nikasema naenda hotelini kumvuta kwa nywele zake za kununua.

"Hapana," tantine Eulalie akasema. Alikuwa anafagia uani kwa mara ya pili siku hiyo. "Enda naye kwa gorila zake. Mukirudi gari itapita hapa. Lakini usimuambie kitu. Mutu hatumwi kulia. Itatoka kwake, ao haitatoka."

"Na ikikosa kutoka?"

"Basi tutakunja mukeka."

Asubuhi ilikuja jeep, na dereva wake Donatien, mtu mpole mwenye shingo nene. Martine alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Ananukia vizuri, siwezi kusema uongo. Akaniuliza habari za watoto, habari za soko, nani ameolewa, nani ameachwa, na mimi, kwa sababu mdomo wangu ni ule niliozaliwa nao, nikamjibu yote. Tulicheka. Nilipocheka nilijichukia.

Tulipotoka mjini akanyoosha simu mbele ya nyuso zetu, akaanza kuwaambia watu wake wa mtandaoni: "Bonjour la famille. Niko natembelea rafiki yangu wa zamani huku ng'ambo, na leo tunaenda safari pamoja."

Donatien aliniangalia kwenye kioo.

"Ng'ambo ya nani?" nikasema. "Weye ulikulia Nyawera, nyuma ya choo ya papa Bruno."

"Ni kwa ajili ya bale banaangalia," akasema, akicheka, akizima simu. "Banapenda vile."

Rafiki wa zamani. Kitanda kimoja miaka saba, na leo mimi ni rafiki wa zamani wa ng'ambo.

Tulipofika soko la Miti, akamsimamisha Donatien. Nikasema moyoni, ndiyo hapa. Kila Jumamosi mama alikuwa anatuleta Miti kununua shu, yaani kabichi, na tukirudi ni Martine aliyekuwa anapakata shu kubwa kuliko kichwa chake, kwa sababu alililia aibebe yeye. Wanawake walikuwa wamekaa palepale, na shu zilezile. Nikangoja. Martine aliwaangalia muda mrefu, mdomo ukafunguka.

"Ona rangi zile," akasema, akapiga picha.

Nikafunga mdomo wangu mpaka mlangoni mwa msitu, na wanaonijua watakuambia hiyo ni ajabu kuliko gorila.

Kiongozi wetu aliitwa papa Jean-Marie. Panga mkononi, buti zimeisha visigino. Alitugawia barakoa, akatupa sheria: tusikaribie kuliko hatua kumi, tusinyooshe kidole, na zaidi ya yote sauti iwe chini, maana gorila wakisikia kelele wanahama. Tukapanda kwenye mianzi, tope hadi kwenye goti, na baada ya saa mbili akainua mkono.

Walikuwa pale. Nimezaliwa karibu nao namna hii na sikuwa nimewaona hata siku moja. Majike watatu walikuwa wanakula taratibu kama wamama baada ya misa, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Nilisahau hasira yangu, labda dakika tano.

"Na ile dume kubwa?" Martine akanong'ona. "Niliiona kwenye video. Ile ya mugongo mweupe."

"Mushamuka," papa Jean-Marie akasema. Kwa Mashi, lugha ya kwetu, hilo ni jina la mtu mzima wa heshima. "Mushamuka alikufa, madame. Mwezi wa tatu."

Martine akashika kifua.

"Alikufa? Alikuwa mugonjwa?"

"Alikohoa. Uzee pia."

"Alikohoa siku ngapi? Nani alikuwa naye? Aliteseka? Alizikwa wapi?"

Na papa Jean-Marie, mtu mwema, akamsimulia. Tangu siku ya kwanza. Jinsi alivyoacha kula, jinsi majike walivyokaa kando yake, jinsi vijana wa ulinzi walivyochimba kaburi. Martine akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya Ubelgiji, akalia. Machozi yaliloanisha barakoa. Akashika mkono wa papa Jean-Marie. "Pole sana, papa. Poleni na familia yote."

Maswali yale yote. Moja moja, kwa mpangilio wake, jinsi mama alivyotufundisha kuuliza kwenye kilio cha watu.

"Simama," nikanong'ona.

"Niache kwanza, Pascaline."

"Mama alikohoa siku kumi na moja."

Akainua macho.

"Kumi na moja. Haukuuliza. Nani alikuwa naye, haukuuliza. Alizikwa wapi, haukuuliza. Nyani umemuuliza mpaka kaburi."

"Pascaline, nilituma..."

"Ulituma moyo. Muuza nyanya alikuja kilioni na miguu imevimba, alilala kwetu siku tatu chini. Weye una siku tatu Bukavu, umenunua kofia."

"Wamama," papa Jean-Marie akasema, "sauti."

"Sauti iko chini, papa. Hasira ndiyo iko juu."

Na kweli tuligombana vile, kwa kunong'ona, barakoa ikiingia na kutoka mdomoni, na hakuna ugomvi unaochosha kama ule. Nilitamani niwe sokoni, mahali mtu anaweza kupayuka.

"Niliogopa," Martine akasema. "Mutakuwa wote pale, munaniangalia. Kulia ya kwetu nimeisahau. Kule banalia kimya, na mouchoir ya kupangusa macho. Nikajisemea, Pascaline ataniambia namna ya kufanya."

"Nikuambie ulie?"

Jike mwenye mtoto alitugeuzia mgongo, akaingia mianzini, na wenzake wakamfuata.

"Mumewafukuza," papa Jean-Marie akasema kwa huzuni.

Kurudi, simu ya Martine ilibaki mfukoni. Tulipofika Nyawera Donatien akataka kushika njia ya Muhumba. Nikamgusa bega: asimame pale kwenye wenye moto, wale wanaopakia watu kwenye pikipiki.

"Mimi sikutumi," nikamwambia Martine. "Nyumbani ni huku. Hoteli ni kule. Donatien ana mafuta ya pande zote mbili."

Vijana wa moto wakaanza kumwita, maman, twende, maman mwenye kofia. Akashuka. Alipofika kwa muuza nyanya akavua kofia, akaiacha juu ya meza ya watu. Sauti ya kwanza ilitoka vibaya, kama gari linalokataa kuwaka, na vijana wakacheka. Ya pili hawakuicheka. Alisema "Mama Euphrasie we," kwa sauti ileile ya mtoto wa miaka sita anayeangalia gari la Kamituga likiondoka, na nyumba nzima ikatoka nje.

Nililia na mimi. Usifikiri hasira iliisha. Ilikaa kwenye mkeka kando yangu. Akapewa maji. Nikamsimulia tangu Jumatatu mama aliporudi sokoni akisema mgongo ni baridi, kila siku, kila dawa, mpaka asubuhi ya mwisho: aliomba uji, akaukataa uji, akageukia ukuta. Nikaishia hapo, lile neno la mama bado nimelibeba.

"Pascaline," tantine Eulalie akasema mbele ya watu wote. "Kuna kipande umeruka."

Martine akashusha kikombe. "Kipande gani?"

"Ninakijua, tantine," nikasema. "Kesho akuje tena, kwa miguu, bila kutumwa. Nitamumalizia."