Anwani za Bure za Arlys Bakke

Jumanne moja ya Novemba 1999, saa nne asubuhi, Arlys Bakke alikuwa jikoni kwake mjini Crookston, Minnesota, akitia mafuta cherehani ya kukanyaga, mtu wa kwanza alipoingia kuchukua barua pepe zake. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kuwindia. Alikung'uta theluji viatuni, akafungua kabati la unga, akatoa barua mbili, akazisoma wimawima.

"Funga mlango ukitoka, baridi inaingia," Arlys alimwambia.

Akafunga.

Arlys alikuwa mjane, na tovuti yake ilihusu kutengeneza cherehani kuukuu. Ilitembelewa na watu kumi na mmoja hivi kwa wiki, wote wakipitia hapo hapo jikoni, lakini walikuwa watu wa kukaa. Waliuliza kwa nini uzi unakatika, kisha wakarudi kumwambia umeacha kukatika. Wiki mbili nyuma, bwana mmoja wa kampuni ya barua pepe, jina lake Brent, alikuwa amempigia simu.

"Bi Bakke, wagawie watu anwani za bure zenye jina la tovuti yako. Watarudi kila siku kuangalia barua. Na wakisharudi, si watasoma na mengine?"

Arlys aliona ni jambo la maana, akakubali.

Kufikia Krismasi wenye anwani walikuwa mia tatu, na wote walipita jikoni. Cherehani sita alizozipanga ukutani, kila moja na maelezo yake, ziligeuka mahali pa kuwekea glavu. Hakuna aliyeuliza habari za uzi. Wale kumi na mmoja wa zamani walichungulia dirishani, wakaona watu wamefurika, wakaenda zao.

Mwezi wa Januari binti yake, Renae, alikuwa anakaribia kujifungua huko Duluth. Arlys alifunga begi na kuwatangazia waliokuwa kwenye foleni kwamba anafunga nyumba. Lavonne Pietz, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu, alikuja juu.

"Mwanangu yuko jeshini Kosovo. Ukifunga, ataniandikia wapi?"

"Mwambie akuandikie kwingine, Lavonne."

"Nimwambieje na anwani niliyompa ni hii? Halafu mimi sikukuomba. Ulinigawia mwenyewe!"

Arlys akampigia Brent.

"Usifunge, watakuchukia," Brent alisema. "Tena hongera, takwimu zako zimepaa!"

"Hawasomi chochote."

"Lakini si wanarudi? Sisi tuliahidi watarudi."

Basi akauacha mlango wa jikoni wazi, akatoka kwa mlango wa mbele na begi lake. Akajikuta jikoni. Akatoka kupitia dirishani, akatua karibu na sinki. Mara ya tatu alivua koti, akabandika birika la kahawa.

"Siwezi kuja, mwanangu," alimwambia Renae kwenye simu. "Nyumba hainitoi."

"Mama! Uliniahidi utakuwepo."

"Najua niliahidi."

"Haya, nipe na mimi anwani basi," Renae alisema. " Tutakuwa tunaandikiana."

Mtoto alizaliwa Alhamisi, wa kike. Arlys aliandika barua tatu siku hiyohiyo, akazitia kwenye kabati la unga kwa mkono wake.

Jumatatu Renae aliingia jikoni amembeba mtoto. Alisimama kwenye foleni nyuma ya yule bwana wa koti la kuwindia. Zamu yake ilipofika alitoa barua, akazisoma moja moja, akatabasamu, akajifuta jicho kwa kiganja. Mtoto alikuwa na nywele nyeusi, nyingi, zimesimama. Arlys alisogea njiani mwake, akanyoosha mikono.

"Renae. Hebu nimshike kidogo."

"Samahani," alisema Renae, kwa sauti ile ya kumwambia mtu usiyemjua anayeziba njia. Akampita, akatoka, akafunga mlango vizuri.

Mchana simu ililia.

"Mama, nimesoma barua zako hapa kwenye kompyuta," Renae alisema kwa furaha. "Zote tatu. Nimejisikia kabisa kama nimekuja hapo jikoni."

"Ulikuja," alijibu Arlys, akajibana ukutani kumpisha Lavonne.