Masikio Mapya ya Bi Swichi

Mtaa mzima ulimwita Bi Swichi, kwa kuwa miaka ishirini na tisa alikaa kwenye ofisi ya simu mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya huu hapa na ule pale ili watu wazungumze. Siku anaajiriwa aliapa kutosikiliza maongezi ya wateja, na kiapo hicho alikishika karibu siku zote.

Uzeeni masikio yakamgomea. Akawa anavaa kifaa cha kizamani: kiboksi mfukoni, waya hadi sikioni. Waya ulinasa kwenye vitasa vya milango na vifungo vya waliomkumbatia, lakini yeye aliupenda. Ukichomoka, unauona umechomoka. Unaurudisha, maisha yanaendelea.

Binti yake alikuwa muuguzi, mjane, amerudi kuishi naye mwaka wa sita sasa. Yeye waya ule ulimkera. Jumatatu alileta vifaa vipya viwili, vidogo kama maharage, visivyo na waya wowote, akaviunganisha na simu yake mwenyewe ili avirekebishe sauti. Simu ya mama ilikuwa ya vitufe tu.

"Vimeshikana na nini hivi?" aliuliza Bi Swichi.

"Na simu yangu, mama. Hewani."

"Hewani wapi?"

Binti alicheka, akaenda zake kufua.

Jumanne jioni Bi Swichi alikuwa jikoni anamenya vitunguu, mara mwanamume akamwambia sikioni, "Mpenzi, umeshindaje?"

Alikaa kitako. Ilikuwa miaka kumi na minne tangu mtu amuulize hivyo. Kutoka uani alimsikia binti yake: "Haloo? Haloo? Mbona husikiki?" Sauti ya sikioni ikaendelea bila wasiwasi, kana kwamba haloo hizo haizisikii: kesho saa kumi atamsubiri nje ya duka la dawa.

Binti akakata, akaingia ndani akiipigapiga simu kiganjani. "Hii simu ina wazimu. Kazini inasema vizuri, nikifika hapa inakuwa bubu."

Bi Swichi alijua palepale laini ilikopotelea. Hata sauti aliitambua. Ilikuwa ya fundi bomba aliyewatengenezea tangi mwezi uliopita, kazi ya siku moja aliyoifanya kwa siku nne. Angeweza kusema ukweli. Badala yake alisema, "Kesho saa kumi nipitie duka la dawa, uniletee plasta."

"Umejikata?"

"Bado."

Jumatano binti alirudi amechelewa, hana plasta, uso umechangamka. Alhamisi fundi akapiga tena. Alisema kuandika meseji hawezi, maana kioo cha simu yake kilipondwa na spana, kinakubali kupiga tu. Alimsifia lile gauni la kijani, akaomba alivae kesho wakikutana. Binti akamaliza haloo zake, akakata.

"Kesho vaa la kijani," alisema Bi Swichi. "La bluu linakuzeesha."

Alijisikia kama yuko tena kwenye kiti chake cha zamani, akiunganisha mtu na mtu, na hakuna wa kumshukuru.

Ijumaa jioni sauti ilikuja imetulia. "Nimepata nyumba ng'ambo ya mji, vyumba viwili. Nataka tuoane. Najua una mama, sikulazimishi. Kesho nitakuwa kwenye duka la vifaa vya bomba mpaka saa sita. Usipokuja nitakuwa nimeelewa."

"Haloo?" alisema binti uani. "Jamani, simu hii." Akaingia. "Mama, kesho sina zamu. Kuna kitu unataka mjini?"

"Hakuna," alisema Bi Swichi.

Jumamosi saa tano unusu binti alikuwa anafua mashuka, anaimba. Bi Swichi alimtazama kutoka mlangoni. Katika kazi yake aliwahi kuwakatia laini wenye matusi, aliwahi hata kumuunganisha mchumba wa mtu na mke wa mwingine. Lakini hakuwahi kuukalia ujumbe.

"Nenda duka la vifaa vya bomba," alisema. "Sasa hivi."

"Bomba gani limeharibika?"

"Hakuna."

Binti aliliachia shuka. "Plasta. Gauni la kijani. Mama, unayajuaje haya?"

Bi Swichi alivitoa vifaa masikioni, akavishika kiganjani. Sasa angeweza kufokewa bila kuumia sana. "Fundi wako huongea humu. Wewe unaita haloo, mimi nasikia. Jana aliomba akuoe, nikaficha. Niliogopa kubaki peke yangu. Ungekuwa waya ningeuchomoa, huu hata siuoni ulipo."

Mdomo wa binti ulicheza kwa muda mrefu. Bi Swichi aliambulia mambo mawili tu: aibu, na saa ngapi.

"Saa sita," alijibu.

Binti alitoka mbio, mikono ina povu.

Alirudi na fundi. Bi Swichi alikuwa ameshavivaa vifaa vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti yako naijua."

Fundi aliinamisha kichwa. Ilionekana anajaribu kukumbuka yote aliyoyasema tangu Jumanne.

"Hicho chumba cha pili," Bi Swichi aliuliza, "kina dirisha?"

"Kinalo, mama."

"Weka kitanda. Nitakuja mwisho wa wiki tu. Siku nyingine nina shughuli zangu."

Binti alikuwa bado amemnunia, lakini chai alimmiminia yeye kwanza.