Nasaha za Asiyeoa

Kabla ya kuondoka nyumbani kwetu, Mpemba, kwenda kuolewa, dada yangu Ruti aliniomba kitu kimoja tu: nimghanie shairi langu wakati wa nasaha, mbele ya watu wote. Nililitunga wiki nzima. Kutunga sikufundishwa na mtu.

Siku ya kumuaga, baba mkubwa Osward, mwenyekiti wa kamati, alinizuia mlangoni mwa ukumbi.

"Nasaha ni za wazee. Hujaoa, utamwusia nini mwenzio? Shika jagi, ukanawishe watu."

"Baba mkubwa, nina miaka ishirini na tisa. Mtaani naamkiwa shikamoo!"

"Na watoto. Hapa mtoto ni wewe."

Binamu yangu Osea, wa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameketi meza ya wazee kwa sababu alioa mwaka jana. Aliponiona na beseni akanyoosha mikono. "Dogo, anzia huku."

Nikaanzia huko. Baba mkubwa naye alikuwa ameshaketi meza hiyo; alipokwisha kujipaka sabuni, nikamimina maji kidogo huku nikighani:

*Ruti, nenda Kamsamba, bondeni kwenye mpunga,*
*Nyumba yenu ukipamba, usizisahau kunga,*
*Mume wako akigomba, jibu lisiwe upanga…*

Nikainua jagi. Maji yakakatika.

"We katoto, maji!"

"Kituo cha ubeti bado, baba mkubwa."

Mikono yake ilikuwa povu tupu. Hakuweza kushika kipaza sauti, wala kunishika mimi. Meza nzima ikaangua kicheko. Bibi Restuta, mama yake mzazi, akamgeukia kwa ukali.

"Mtoto huyu naye! Mwache mwenzio amalize, nina njaa."

Nikamwaga maji yote na sauti yote:

*Akikudhulumu, imba, nitashuka bila kinga!*

Vigelegele vikaanzia kwa akina mama, vikazunguka ukumbi. Osea alikuwa bado amenyoosha mikono yake mikavu. Baba mkubwa akajifuta taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Jofrey," akasema. Jina langu, si katoto. "Meza ya bibi harusi haijanawishwa. Nenda. Ukifika, anza upya kutoka mwanzo, na kipaza sauti utapewa."

Nikajaza jagi mpaka juu, nikapita katikati ya ukumbi kifua mbele. Ruti alikuwa ameshanyoosha mikono.