Kilo Arobaini na Sita za Mchanga

Mara ya tatu nilipompima mke wangu kwenye mizani ya kahawa, alikuwa na kilo arobaini na sita. Alisimama juu ya bamba la chuma, mkono mmoja tumboni upande wa kulia, mwingine begani kwangu, nami nikamwambia autoe huo wa begani kwa sababu unaharibu kipimo. Akautoa. Nikasogeza jiwe la mizani, nikasoma, nikafurahi. Nimezeeka na nimechoka kudanganya, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi. Alikuwa amepungua kilo tatu kwa wiki moja, na kilima cha Miti kingekuwa chepesi kwa kiasi hicho.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Nilikuwa karani kwenye ghala la kahawa la Mzungu mmoja kule Ibanda, mjini Bukavu. Nilivaa soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, nilichomeka kalamu mfukoni, na nilikuwa na baiskeli nyeusi ya Kiingereza niliyoifuta kila jioni kwa kitambaa kisafi kuliko nepi za binti yetu, Noëlla. Wakati ule nilijiona mtu mkubwa sana. Ningekutana leo na kijana wa namna ile barabarani, ningemtemea mate.

Wiki tatu kabla ya kipimo hicho, muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu wa Kadutu alikuwa amempapasa mke wangu Eulalie tumbo, akaketi kuandika. Eulalie apelekwe Katana, kwenye hospitali ya misioni, kwa daktari wa kupasua. Barua ilikuwa ya Kifaransa, na mke wangu hakujua kusoma. Tukirudi nyumbani nilimsomea yote, isipokuwa maneno mawili ya mwisho yaliyosema "bila kukawia". Niliyaona vizuri. Niliyakunja pamoja na karatasi, nikayatia mfukoni.

Noëlla aliyajua hayo akiwa na miaka arobaini, kwa kinywa changu mwenyewe. Alikaa miaka miwili bila kukanyaga kwangu, na sikumlaumu.

Kutoka mjini hadi Katana ni karibu kilomita arobaini na tano. Mvua za Aprili zilikuwa zimeporomosha udongo barabarani upande wa Kavumu, malori hayapiti, umebaki upenyo wa mtu na baiskeli yake. Zikabaki njia mbili tu. Mgonjwa abebwe kwa kipoyi, kile kitanda cha miti kinachowekwa mabegani mwa wanaume, au apakiwe nyuma ya baiskeli. Cirhuza, kaka yake Eulalie, mkulima wa Kabare, alishuka kuniona siku ya pili tu baada ya barua. Alikataa kiti.

"Shemeki, tuko na banaume munane," alisema. "Kesho asubui tunamubeba. Siku moja na nusu, tunafika."

"Kipoyi ni ya basenji ba mu pori," nilimjibu. "Bibi yangu ataenda na kinga yangu ya Kiingereza. Masaa tano tu, tunafika."

Alizitazama soksi zangu, kisha baiskeli. "Siku gani?"

"Nikiwa tayari."

Sikuwa tayari kwa sababu ya kilima cha Miti, kilichoko njiani kwenda Katana. Sisi makarani tulikuwa na kibaraza chetu cha kunywea bia Jumapili, na pale ilikuwa imesemwa mara nyingi kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukipanda kilima kile na mtu nyuma bila kushuka na kusukuma. Nilisema mimi nitakipanda. Gaston, mwenzangu wa ghalani, akavua saa yake ya mkononi pale pale, akanivalisha ili nijipime muda, akasema tutaona. Tangu hapo safari ya mke wangu ikawa safari yangu.

Nikaanza mazoezi. Nilijaza gunia mchanga wa ziwani uliolingana na uzito wa Eulalie, nikalishona likae wima, nikalifunga nyuma kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu, na juu yake nikazungusha kitenge chake ili mipira isilikate. Kila alfajiri kabla ya kazi nilitoka ziwani nikapanda hadi juu kabisa ya Kadutu. Jirani mmoja mwenye macho mabovu aliliamkia gunia: "Jambo, maman Noëlla." Nilicheka njia nzima.

Siku ya kwanza nilishuka mara tatu. Baada ya wiki nilishuka mara moja. Kila Jumamosi nilimpeleka Eulalie ghalani, nikampima, kisha nikaenda kupunguza mchanga uwe sawa naye. Kutoka hamsini na mbili hadi arobaini na tisa, na sasa arobaini na sita. Nilifungua mshono, nikamwaga, nikashona tena, na kila mara baiskeli ikawa nyepesi nami nikadhani ni miguu yangu inayopata nguvu.

Jioni nilimsomea dakika nilizotumia kupanda. Alisikiliza amejikunja kwenye mkeka, jasho usoni, akasema ni vizuri. Mara moja tu alisema neno lingine.

"Papa Noëlla, tuende kesho. Ukichoka utashuka, utasukuma. Miye nitanyamaza."

"Sishuki," nilisema.

"Basi umuite Cirhuza."

Nilikuwa natia mnyororo mafuta. Niliendelea kutia mafuta.

Jumatatu baada ya kipimo kile niliomba ruhusa kazini. Ungedhani nilikwenda kumpakia. Hapana. Nilitaka kwanza kuijaribu njia yote kwa gunia, nijue pa kuongeza kasi na pa kupumua, halafu Jumatano nimpeleke yeye. Nilimweleza hayo nikiwa nafunga kitenge chake kwenye mchanga. Hakuwa na nguvu za kuinuka. Alinitazama hadi nikamaliza fundo la mwisho.

"Gunia inaenda Katana," alisema. "Miye ninabakia."

Nilitoka saa kumi na mbili kamili. Sikumbuki siku niliyokuwa mzima wa mwili kama siku ile. Ukungu ulikuwa bado mashambani, barabara imelowa, na kilima cha Miti kilipoanza niliinuka juu ya pedali nikakipanda chote, mapaja yakiwaka, wanawake waliobeba majembe wakinipisha na kunishangilia. Sikushuka. Pale juu nilipiga kelele peke yangu. Kwenye maporomoko ya Kavumu nilipita nikiwa juu ya tandiko, mguu mmoja ukigusa ukuta wa udongo.

Langoni pa hospitali muuguzi aliona kitenge kwa mbali. Alikuja mbio na wanaume wawili wenye machela, wakaiweka chini, na yeye mwenyewe akafungua mipira kwa upole, akiliambia gunia, "Pole, maman, pole." Kisha kitenge kikaanguka.

"Papa, hii ni muchanga."

"Ndiyo. Nilikuwa najaribu njia."

"Na mugonjwa?"

"Iko nyumbani, Bukavu."

"Docteur iko," alisema. "Kitanda iko. Unatuletea muchanga ya nini?"

Nikaumwaga mchanga kando ya lango ili nirudi mwepesi, nikapumzika hadi saa sita, nikaondoka.

Chini ya Miti, nikiteremka kuelekea mjini, niliona mbele yangu migongo ya wanaume wanane na kipoyi. Wabebaji huimba, maana wimbo unalinganisha hatua zao na kumliwaza mgonjwa. Hawa hawakuwa wakiimba, na walikuwa wanarudi Bukavu. Nilipowakaribia nikamtambua Cirhuza kwenye mti wa mbele. Nguo ya aliyelala ilikuwa imevutwa hadi kumfunika kichwa.

Walikishusha kipoyi kwenye majani. Cirhuza alinieleza bila kunipigia kelele. Alikuja kumtazama dada yake asubuhi akamkuta sakafuni, akamwacha mtoto kwa jirani, akaita wanaume, wakambeba saa tatu. Njiani Eulalie alikuwa ameomba maji mara mbili, wakampa. Hakufika Miti.

"Na weye," aliniuliza, "ulifika Katana?"

"Nilifika."

"Saa ngapi?"

Niliitazama saa ya Gaston, ingawa sikuhitaji kuitazama.

"Saa ine na dakika kumi," nilimwambia, na Mungu anisamehe, nilimwambia kwa fahari.

Cirhuza akainama, akaweka tena mti begani, na wenzake wakainuka naye.